Moyo wa Bi Jikaze

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata kwa muuza mkaa, aliitwa Bi Jikaze, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa kinywa chake. Ukimjia unalia kwamba mume amekukimbia, atakushika bega akuambie, "Jikaze, mama." Ukiungua kidole, "Jikaze." Fundi wa mashine alipofiwa na baba yake, akawa amekaa juu ya gunia la mashuka machafu hajui aanzie wapi, Bi Jikaze alimletea chai akamwambia, "Kaka, jikaze. Baba hakukuzaa uwe maji." Fundi akacheka huku anafuta makamasi. Tangu siku hiyo neno likamganda mwenyewe kama ruba.

Alifanya kazi kwenye dobi, chumba cha kufulia mashuka ya hospitali kubwa ya mji. Dobi yenyewe ilikuwa chini kabisa, ghorofa iliyozama ardhini, ina madirisha membamba karibu na dari. Ukitazama nje unaona viatu vya watu wanaopita. Mashuka ya wodini yalishushwa kwa magunia, yana damu, yana dawa, yana yale yasiyosemwa mezani, kisha yakapandishwa tena kwa toroli yakiwa meupe na yamekunjwa. Bi Jikaze alikuwa upande wa pasi. Kulikuwa na mashine kubwa yenye roli mbili za moto. Wawili wanalisha shuka bichi upande huu, wawili wanalipokea upande wa pili likiwa kavu, linachoma viganja. Yeye alikuwa wa kupokea. Miaka ya kupokea ilimfuta alama za vidole, hata ile mashine ya getini ya kuweka kidole ikawa haimtambui tena.

"Hata nikiiba hamnipati," aliwatania walinzi.

Walinzi nao walikuwa na yao. Jioni, kila mfanyakazi mweusi aliyetoka dobini alifunguliwa mkoba, ukapekuliwa mpaka kwenye leso na bakuli la chakula. Mama Vifungo alipita. Huyu alikuwa mzungu pekee mle chini, mwanamke mfupi, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi, aliyekaa karibu na mlango akishona vifungo vya makoti ya madaktari na kutia viraka. Alikuwa maskini kama wenzake, mjane kama Bi Jikaze, na umri wao ulipishana kwa miezi tu. Kila mchana walikula pamoja, kijiko cha huyu kikiingia kwenye bakuli la yule. Lakini getini njia ziliachana: mmoja anasimama kwenye foleni, mwingine anapita na kikapu chake kikubwa, na "usiku mwema, mama" juu yake.

"Shoga, siku moja nitatia shuka zima humu," alisema Mama Vifungo.

"Tia hata kitanda. Watakusaidia kukibeba."

Wakacheka mpaka wakashikana. Bi Jikaze ndiye aliyeichekesha dobi nzima, na hakuna aliyejua kwamba kila Jumamosi aliufua mkoba wake kwa sabuni, ndani na nje, akausugua pale walipopitisha mikono, akauanika mbali na nguo nyingine.

Mumewe alikuwa mpiga rangi wa maghorofa. Kamba ilimkatikia angali na brashi mkononi. Alizikwa, na udongo wa kaburi haujakauka vizuri, Bi Jikaze alikuwa amerudi kwenye roli zake, maana mtoto lazima ale. Binti yao wa pekee alikuwa bado shule ya msingi. Siku ya mazishi mtoto yule alisimama ameshika gauni la mama yake, akamtazama usoni kwa muda mrefu apate kujua kama inaruhusiwa kulia. Akaona uso mkavu. Akakausha na wake. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Huyu wa kwetu alitazama mpaka macho.

Wasimamizi wa dobi walikuja wakaondoka. Kila kiti kilipobaki wazi watu walimwambia, "Zamu hii ni yako." Kila mara aliletwa mtu mwingine kutoka ofisi za juu, asiyefanana naye rangi, asiyejua shuka lipi la upasuaji na lipi la wodi, na kila mara Bi Jikaze ndiye aliyetumwa dukani kununua keki ya kumkaribishia.

"Mvumilivu hula mbivu," walimfariji.

"Mbivu zimeliwa na popo," akajibu, akakata keki.

Basi ikaja siku wakateremka watu wa utafiti. Walikuwa wanapima mioyo ya wafanyakazi, wa juu na wa chini, weusi, weupe na wenye asili ya Kihindi, na mbali ya vipimo walikuwa na maswali. Aliyekaa na Bi Jikaze alikuwa daktari mwanamke, mdogo, mweusi kama yeye, amevaa koti ambalo kifungo chake cha pili, Bi Jikaze aliona, kilishonwa na shoga yake.

"Mama, nitakusomea sentensi, uniambie kama ni kweli kwako. 'Nikipatwa na jambo gumu, huinuka upesi.'"

"Kweli kabisa."

"'Hushindwa kuendelea na shughuli zangu nikiwa na huzuni.'"

"Shughuli hazijui huzuni, mwanangu. Andika si kweli."

Yakaendelea hivyo. Mama Vifungo naye aliulizwa yale yale kwenye meza ya pili. Mwisho wakaambiwa wote wawili wako juu sana katika uwezo wa kustahimili. Mama Vifungo akapiga makofi. "Tumefaulu mtihani wa shida!" Siku nzima dobi ikawa na maneno hayo.

Baada ya muda yule daktari mdogo alimwita Bi Jikaze peke yake, kwenye chumba chenye kitanda kimoja na mashine ya kuutazama moyo. Akampaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kifaa, akanyamaza. Kimya cha daktari kina lugha yake. Hata asiyesoma huielewa.

"Sema tu, mwanangu."

"Presha yako iko juu sana, mama, na nadhani imekuwa juu kwa miaka. Kuta za moyo zimenenepa. Moyo umefanya kazi ngumu kupita kiasi, kama mkono wa mtu anayebeba mizigo."

"Si ndiyo nguvu hiyo?"

"Mkono ukinenepa ni nguvu. Moyo ukinenepa ni shida."

Bi Jikaze alijifuta mafuta taratibu. "Na Mama Vifungo?"

"Mambo ya mwenzako siwezi kukuambia."

Mama Vifungo alimwambia mwenyewe, mchana, juu ya bakuli. Moyo wake ulikuwa salama kabisa, kama wa msichana. Alisema hivyo kwa furaha, kisha akaona uso wa rafiki yake, kijiko kikasimama hewani.

Bi Jikaze alirudi kwa daktari siku ya pili yake. Hakwenda kulalamika. Alitaka kuelewa, kama mtu aliyepigiwa hesabu asiyoijua.

"Tumekula chakula kimoja. Tumefiwa na waume. Tumejibu maswali sawasawa, nilimsikia. Nguvu yake imemlinda. Yangu imefanya nini?"

Daktari alikaa. "Ndicho tunachotafuta, mama. Kwa wenzetu weupe tuliowapima hapa, mwenye roho ya kustahimili mara nyingi na moyo wake huwa mzima. Kwa watu weusi mara inakuwa hivyo, mara haiwi. Wengine kadiri wanavyojikaza ndivyo presha inavyopanda. Sababu hatujaijua vizuri."

"Na wewe? Yako umepima?"

Daktari mdogo alicheka kidogo, akatazama karatasi zake. Akampa dawa, akamwambia apunguze chumvi na apumzike. Neno la mwisho lilimfanya Bi Jikaze acheke kwa sauti, naye daktari akatazama chini.

Dawa alizimeza asubuhi, amezificha kwenye kopo la majani ya chai. Hakumwambia mtu. Binti yake alikuwa ameolewa na fundi seremala, anafundisha watoto wa chekechea, tena ana mimba ya kwanza baada ya kuingoja miaka. Nani angempelekea habari za mioyo? Alimwona kila Jumapili. Alikuja na kitambaa chake cha kufuma, anakaa kwenye kochi la mama yake, miguu juu ya kigoda, wanazungumza majina ya mtoto na kuyakataa yote.

Jumapili moja viatu vilikataa kumtoka binti. Miguu ilikuwa imevimba kama mikate iliyoumuka, na pete ya ndoa alikuwa amekwisha ihamishia kwenye mkufu shingoni.

"Na kichwa?" aliuliza mama.

"Kinauma kidogo tu. Na macho, wakati mwingine naona kama vimulimuli."

Bi Jikaze alimkanda nyayo. Aliona kwamba haukuwa uvimbe wa kawaida. Lakini ulimi una mazoea yake, na ulimi wake ulikuwa umezoea neno moja kwa miaka thelathini.

"Mimba si ugonjwa, mwanangu. Mimi nilipiga pasi mpaka uchungu ukanishikia kazini. Jikaze."

"Najikaza, mama," alisema binti, akatabasamu.

Wiki ile ile binti alikwenda kliniki. Mambo ya huko Bi Jikaze aliyajua baadaye, kwa mkwe wake. Mkunga aliyempokea alikuwa wa rangi nyingine, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na ukumbi umejaa. Alimuuliza maumivu yakoje. Binti akasema, "Si sana." Mkunga akamgonga bega kwa upole. "Nyie wa kwenu mna nguvu, mnazaa kama mnapiga chafya. Rudi nyumbani ukapumzike." Presha ilipimwa haraka juu ya mkono wa sweta. Akapewa vidonge vya kichwa. Binti akashukuru, akaondoka. Mtu aliyefundishwa kusema "si sana", na mtu aliyefundishwa kuamini kwamba kweli si sana, walikutana mahali pamoja, na baina yao hakuwepo wa tatu.

Ilikuwa kabla ya mchana, roli zimeshika moto, mkwe aliposimama kwenye mlango wa dobi na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Hajawahi kufika mle. Mama Vifungo alimwona kwanza, sindano ikamwanguka.

"Mama," alisema mkwe, "ameanguka. Alikuwa anatikisika. Wamemleta hapa, yuko juu, wanasema ni kifafa cha mimba."

Bi Jikaze aliacha shuka katikati ya roli. Hakungoja lifti. Alipanda ngazi mbili mbili, na alipofika katikati pumzi ikamkatika, ukuta ukaja ukaondoka, akashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili huku mkwe wake anamwita kutoka juu. Alitaka kukimbia na moyo haukutaka. Alisimama pale kwenye ngazi za hospitali, baina ya wanaoshuka na wanaopanda, anausihi kimoyomoyo: twende, tafadhali, twende.

Mtoto walimtoa kwa kisu, msichana, mdogo lakini mzima. Mama yake hakuamka. Walipomruhusu Bi Jikaze kuingia, binti alikuwa amefunikwa shuka mpaka kidevuni, shuka lililopita mikononi mwake, mkunjo wake umesimama sawa katikati ya kifua cha mwanawe. Alilivuta kidogo akaiangalia miguu. Bado ilikuwa imevimba. Akaikanda. Muuguzi alimwacha, kisha akaja kumwondoa.

Matangani watu walimiminika. Hakuna aliyekosa la kusema, na wote walisema moja.

"Jikaze, mama."

"Wewe ndiye nguzo yetu."

"Tunajua wewe huna shida, Mungu humpa mzigo mwenye mabega."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliitikia kila mmoja, "Nimepoa, ahsante," akawa yeye ndiye anayewatazama wageni kama wamepata kikombe. Mama Vifungo alilia mpaka miwani ikaloa. Bi Jikaze akamtafutia kitambaa. Yeye mwenyewe alikwenda msalani, akajifungia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavuta uso wake kama mtu anayelia, midomo ikapinda, mabega yakapanda. Hakuna kilichokuja. Alijaribu tena. Nje mtu aligonga mlango akauliza sukari iko wapi.

Siku aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi mpya, kijana mwenye mkasi mfukoni.

"Bosi, leo siwezi. Niwekee mtu badala yangu."

Msimamizi alitazama huku na huku, akatabasamu. "Bi Jikaze, unanitania. Wewe? Kwanza wote wamefurahi umerudi."

"Nimesema siwezi."

"Jamani, msikieni!" aliwaambia wenzake, naye alikuwa anacheka kwa nia njema kabisa. "Bi Jikaze hawezi!" Na wao wakacheka, wamefarijika kidogo kwamba mcheshi wao amerudi. Fundi wa mashine akapiga filimbi. Mtu akawasha roli. Bi Jikaze alisimama akitazama vinywa vile vilivyofunguka, vya watu waliompenda, akaona hakuna neno lolote katika lugha yoyote ambalo angesema wakamsadiki. Akavaa aproni.

Hakumaliza siku. Kabla ya chakula kifua kilimjaa maji, midomo ikawa rangi ya majivu, akaanguka juu ya rundo la foronya, na safari hii yeye ndiye aliyepandishwa kwa toroli.

Wodini walimwambia moyo umekuwa mkubwa na umelegea. Hautarudi kama zamani. Dawa zitausaidia utembee, si kukimbia. Kazi ya moto basi. Daktari mdogo wa utafiti alikuja akakaa kando ya kitanda, bila koti.

"Mwanangu, nikuulize kitu usinidanganye. Ningelia, zamani zile, ningepona?"

"Sijui, mama."

"Ningemwambia binti yangu alie?"

Daktari alifunga macho. "Ingekuwa bora presha yake ipimwe vizuri. Hilo si lako. Hilo ni letu."

"Nilimwambia ajikaze."

"Ulimwambia ulichokuwa nacho."

Lilikuwa jibu zuri, na halikumsaidia kitu.

Mama Vifungo alikuja na ndizi, akaketi anazimenya mwenyewe na kuzila kwa wasiwasi. Mwishowe akasema lililomkaa rohoni. "Mimi na wewe tumepita njia moja, shoga. Mume, upweke, kazi ile ile. Mbona mimi niko mzima? Naona kama nimekuibia."

Bi Jikaze alimtazama. Hakuwa na hasira naye. Hata hasira inataka pumzi.

"Hatukupita njia moja. Wewe ulijikaza siku ya msiba, ukifika nyumbani unaketi. Mimi nilijikaza siku ya msiba, nikajikaza na siku ya kununua sukari. Nikiingia duka lolote, nimejikaza. Getini, nimejikaza. Nikikata keki, nimejikaza. Hakuna siku niliyoketi."

"Mimi nilikuwa nikicheka nawe."

"Ndiyo. Na ukicheka ulikuwa umekwisha vuka geti."

Mama Vifungo aliweka ganda la ndizi magotini. Aliendelea kuja kwa muda, kisha mwanawe aliyeko mji mwingine akamchukua akakae naye, na salamu zikawa za simu, kisha za sikukuu.

Bi Jikaze alihamia kwa mdogo wake, mshona mapazia, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Mjukuu hakupewa. Ilizungumzwa kwa adabu, wazee wa pande mbili wakiwa wamekaa, na wala hakukuwa na ugomvi: mtoto mchanga anataka kubebwa, na bibi huyu akibeba ndoo nusu anakaa chini. Akachukuliwa na mama mzazi wa seremala. Siku aliyopelekwa, Bi Jikaze alimfunga vizuri kanga, akamwambia bibi mwenzake maziwa huyanywa ya vuguvugu, akasimama mlangoni mpaka gari likakata kona.

Walimleta mara moja kwa mwezi. Alikuwa mtoto mnono, mwenye macho ya kutulia. Mara ile ya mwisho alikuwa ameanza kutambaa. Akagonga paji la uso kwenye mguu wa meza, kishindo kikasikika. Watu wazima wote wakavuta pumzi. Mtoto alitazama nyuso zao moja moja, mdomo umefunguka, anangoja.

"Halii!" alisema bibi mzaa baba kwa fahari. "Huyu ni jasiri, hata sindano hakulia. Kafuata kwao."

Bi Jikaze alijaribu kuinuka kwenye kiti. "Mchukueni," alisema. "Mchukueni, mpeni pole, mwambieni inauma." Lakini sauti ilitoka ndogo, na aliposimama kifua kilimbana akashika meza, basi wote wakamkimbilia yeye, huyu na maji, huyu na upepeo, na mkwe akimshika kiwiko. Mtoto akabaki sakafuni na nundu yake inapanda, anawatazama. Kisha akageuka, akaendelea kutambaa kufuata kigurudumu cha cherehani.

Safari zilizofuata hazikutokea. Seremala alipata kazi mbali, nauli ni nauli, na mtoto hushikwa na kichefuchefu garini.

Siku hizi Bi Jikaze hukaa kwenye chumba cha mbele, kwenye kiti cha mikono, katikati ya mapazia ya watu yaliyoning'inizwa yakingoja wenyewe. Miguu yake huvimba jioni. Wapitao hunyoosha shingo dirishani wakamsalimu, "Umeamkaje, Bi Jikaze?" naye anaitikia kwamba hajambo, maana ndivyo salamu inavyoitikiwa na hakuna aliyesimama kungoja jibu lingine. Machozi hayajaja. Amekwisha acha kuyatafuta.

Juzi mdogo wake alirudi kutoka kupeleka kazi kwa mteja, akaweka mkoba chini, akavua viatu.

"Dada, umekula?"

"Nimekula."

Sahani ilikuwa mezani imefunikwa. Mdogo mtu aliifunua, akaona chakula kiko vilevile alivyokipakua, mvuke umeganda kwenye mfuniko. Akakaa kwenye kigoda, akakichukua kijiko, akala kidogo kutoka upande mmoja, kisha akageuza sahani upande wa pili ukamwelekea dada yake, akaiacha juu ya mapaja ya Bi Jikaze. Nje kulikuwa kunaanza manyunyu. Wakakaa hivyo, mmoja anatafuna na mwingine anaishikilia sahani isimwagike.